Shati Lisilofuliwa

Nguo za kwanza alizopewa Asta kunusa zilikuwa safi kuliko vitambaa vya altare. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Mbinga mjini, wakisikia habari ya mbwa wa Bruda Othmar, huanza kucheka kabla hujafika mbali, na mimi wananiudhi. Waelewe kwanza ilivyokuwa. Jumapili moja ya mwezi wa saba, mwaka ule wa mvua za Elinino, Bruda Othmar alisimama mbele ya kanisa letu huku upande wa Ukata, mbwa wake miguuni, akaomba watu wa kujitolea. Mbwa huyu anafundishwa kutafuta watu waliopotea na waliofukiwa, akasema, na hawezi kujifunza bila watu wa kujificha. Kila atakayekubali aje Jumanne na kipande cha nguo aliyoivaa. Hakusema isifuliwe. Sasa niambie wewe, mwanamke gani wa Kimatengo aliyefunzwa na mama yake atampelekea mtawa nguo ina jasho? Jumatatu mtoni hapakuwa na pa kukanyaga.

Edina, ambaye kwa usafi hana mpinzani na kwa maneno ndiyo kabisa, aliipiga kanga yake pasi ya mkaa, akaikunja mara nne, akaileta juu ya ungo. Asta akanusa kanga ile. Akanusa kitenge cha pili, akanusa cha tatu, akapiga chafya, akaketi chini kumtazama bwana wake.

"Bruda, huyu mbwa wako mbona mvivu?" Edina akauliza.

Bruda Othmar alikuwa mtoto wa Mpepai, mila anazijua, lakini miaka minne ya Ulaya ilikuwa imemsahaulisha kidogo. Akashika kiuno. "Mama zangu, nimekosa mimi. Mbwa anatafuta mtu, hatafuti sabuni. Nguo ikifuliwa, mtu wake ameondoka."

Wote wakaangua kicheko, ila mmoja. Hildegardi alikuwa amesimama nyuma, kitambaa chake cha kichwa mkononi, na kitambaa hicho kilikuwa kichafu kwelikweli. Si kwamba alimwelewa Bruda kuliko wenzake. Alikuwa hajafua kitu wiki ya tatu. Lakini lile neno la Bruda, nguo ikifuliwa mtu wake ameondoka, lilimwingia likakaa, na tangu mwezi wa tatu hakuna neno la mtu lililokuwa limemwingia.

Mwezi wa tatu ndipo alipopotea mume wake, Vitalis. Miaka ile chama cha ushirika kilikuwa hoi, kahawa ananunua anayetaka kununua, na kila mwanamume mwenye miguu alikuwa mfanyabiashara. Vitalis alikuwa akibeba maharage begani, anashuka nayo mpaka ziwani, Mbamba Bay, anapanda na usipa, vile visamaki vyetu vya Nyasa vilivyokaushwa juani. Siku mbili kushuka, tatu kupanda. Siku hiyo mvua ilinyesha kama haijawahi kunyesha, lakini akasema liwalo na liwe, akachukua njia ya mkato inayoteremka upande wa Tingi. Ziwani hakufika. Njiani watu walikuta mlima umekatika, udongo umeshuka na miti yake mpaka bondeni, na mto umejaa matope. Walichimba siku nne kwa majembe ya mkono, wakachoka, wakarudi.

Sasa, msiba una taratibu zake. Mtu akifa, anazikwa, watu wanakaa matanga, matanga yanaondolewa, mjane anajua kwamba ni mjane. Vitalis hakuwa na kaburi. Wengine walisema amefukiwa, wengine mto umembeba, na wapo waliosema, tena kwa sauti ya kusikika, kwamba amevuka kwenda Malawi na ana mwanamke huko. Hildegardi alikaa katikati ya maneno hayo yote, si mke, si mjane. Watu walimsubiri alie, hakulia. Alikuwa amekufa ganzi. Ukimsalimu anaitika, ukimpa ugali anakula, ukimwacha penye jua anakaa hapohapo mpaka uje umwondoe. Binti yake Eunice, aliyekuwa akisoma bweni kwa masista, aliandika barua mbili, na mama akazisoma mara moja moja akazifungia ndani ya Biblia.

Kitu kimoja tu kilimchoma, nacho ni mama mkwe wake, bibi Rosina. Rosina alimzaa Vitalis peke yake, hana mwingine, na bado hakudondosha chozi hata moja. Mwezi wa sita ukoo ulipokaa ukaamua nguo za Vitalis zigawiwe kama desturi, ni Rosina aliyezibeba mtoni mwenyewe, akazifua zote, akazianika, akazikunja, akagawa. Suruali kwa huyu, koti kwa yule. Uso mkavu. "Nguo ya mtu asiyekuwepo inazalia panya," akasema. Hildegardi aliziona nguo za mume wake zikiondoka kwenye mabega ya watu, akamwona yule mama anavyokung'uta mikono, akaapa moyoni kwamba huyu hatamsamehe. Walikaa nyumba moja, wanapika jiko moja. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Basi, imetoka hiyo.

Lakini shati moja halikufika mtoni. Lilikuwa shati la mitumba, la miraba ya bluu, limekatika kifungo cha pili, ambalo Vitalis alilivua jioni ya mwisho kabla ya safari akalitundika mlangoni. Hildegardi alilificha ndani ya pipa la mahindi. Na Jumanne ile aliporudi kutoka kwa Bruda alilitoa kwa ncha ya kijiti, asiliguse, akaliingiza kwenye mfuko wa rambo, akafunga mafundo mawili. Kisha Ijumaa akaenda tena, akamsubiri Bruda mpaka wenzake wametawanyika.

"Bruda, nikijificha mpaka mbwa wako ahitimu, utamleta amtafute mume wangu?"

Bruda Othmar hakuwa mwongo, na hilo namsifia. "Mama Eunice, njia ya mguu, yaani harufu ya nyayo, inakufa kwa siku chache. Hii ni miezi minne. Lakini kama amelala pale kwenye poromoko, pengine udongo ukikauka upepo utaleta kitu. Siahidi kumpata. Naahidi kujaribu. Una nguo yake?"

"Ninayo."

"Haijafuliwa?"

"Haijafuliwa."

"Basi usiiguse. Wala mtu mwingine asiiguse."

Wakaanza. Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi Hildegardi aliondoka nyumbani, akaenda kulala shimoni. Mnajua mashamba yetu yalivyo, mlima mzima umechimbwa ngolo, mashimo yamepangana mstari kwa mstari ili maji ya mvua yatulie humo yasiondoke na udongo. Mtu mzima anaenea akijikunja. Bruda alimfunika kwa mabua ya mahindi, akaenda zake, akangoja nusu saa, akamleta Asta. Wenzake walilalamika siafu, walilalamika baridi, Edina alitoka shimoni mara mbili kabla ya kupatikana kwa sababu alikumbuka jambo la kumwambia mtu. Hildegardi hakutikisika. Kule chini hapakuwa na wa kumwuliza unaendeleaje. Alilala akatazama mwanga kati ya mabua, hawazi kitu, hangoji kitu, na kwa kweli zile ndizo saa alizoziona nafuu katika wiki nzima.

Shida ilikuja pale mbwa anapompata. Asta alifundishwa akimkuta mtu aketi, abweke mara tatu. Hapo aliyejificha anatakiwa amlipe usipa wachache na amsifu kwa furaha, yaani furaha ya kusikika. Hildegardi alitoa usipa. Akasema, "Umefanya vizuri," kama anayesoma kibao cha ofisini. Asta akashusha masikio.

"Mama, furahi!" Bruda akamsihi. "Huyu hajui maneno, anajua sauti. Akikuta mtu asiyefurahi anadhani amekosea."

"Umefanya vizuri," Hildegardi akarudia.

"Aa, hapana. Hiyo ni sauti ya kumfukuza kuku."

Alijaribu, msimlaumu. Akiwa peke yake jikoni alijaribu kupandisha sauti, ikagoma, akaacha. Mwisho Bruda akakaa karibu, Hildegardi akitoa usipa, Bruda akitoa furaha. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: mtawa mzima anamchezea mbwa ngoma shambani, na mwenye kupatikana amekaa kimya anapangusa mabua nguoni.

Mwezi wa kumi ulipokaribia kwisha, mzee Nazari, mkubwa wa ukoo, akaja. Alisalimiwa, akapewa kiti, akasema alilokuja nalo. Tarehe mbili Novemba ni Marehemu Wote. Watu wote watakuwa makaburini na mishumaa, padri atapita akibariki, na ukoo wao utasimama wapi kwa ajili ya Vitalis? Haiwezekani. Jumamosi kabla ya siku hiyo watakata mgomba, wataufunga sanda, watauzika badala ya mtu kama walivyofanya wazee kwa aliyeliwa na maji. Matanga yatakwisha, na Hildegardi atakuwa huru kama mjane yeyote.

"Na akiwa amelala mahali?" Hildegardi akauliza. "Tukizika mgomba, nani atamtafuta tena?"

Nazari akatazama sakafu. "Hakuna, mwanangu. Mgomba ukishazikwa, imekwisha."

Rosina alikuwa anapepeta maharage pembeni. Hakuinua uso. "Na uzikwe," akasema.

Hildegardi akasikia hasira imempanda, akashangaa, maana alifikiri hata hasira imeshakufa. Akaenda kwa Bruda siku ileile. Bruda akahesabu siku kwa vidole, akakuna kichwa, akasema mbwa hajahitimu vizuri lakini Alhamisi atakuja.

Alhamisi asubuhi Rosina alichukua jembe lake mapema. "Mambo ya mbwa sina haja nayo," akasema, akateremka shambani. Heri, akawaza Hildegardi. Bruda Othmar akafika na Asta, amevaa buti, ana kamba ndefu. Akaeleza mpango: mbwa anusishwe hapa uani, palepale Vitalis alipotokea, kisha wamwongoze mpaka kwenye poromoko, akaanze kutafuta huko. Hildegardi akaleta mfuko. Akafungua fundo la kwanza, la pili, akaushika mfuko kwa nje kama alivyofundishwa. Asta akaingiza kichwa ndani, akakaa nacho humo kwa muda. Kisha akakitoa, akainamisha pua chini, na kabla Bruda hajajipanga kamba ikamtoka mkononi nusu.

"Mbona anavuta?" Hildegardi akauliza.

"Ameshika njia," akasema Bruda, na uso wake ulikuwa na mshangao mtupu.

"Njia ya nani?"

"Mama, mimi nimemnusisha shati tu."

Wakakimbia nyuma yake. Asta alipita nyuma ya jiko, akazunguka mibuni, akatokea kwenye njia ya mkato, ileile inayoteremka upande wa Tingi. Hakusita. Hildegardi alikimbia kanga ikimfunguka, na kwa mara ya kwanza katika miezi saba moyo wake ulimpiga mpaka masikioni, akaogopa. Aliogopa kwamba yuko. Aliogopa atakavyokuwa. Aliogopa pia kwamba yu hai, amerudi, amejificha mahali kwa aibu, na yeye hajaoga. Mambo yote hayo yalimjia kati ya jiko na mibuni, mtu ambaye jana yake hakuwa na wazo hata moja. "Vitalis," akasema kwa sauti, akiwa anakimbia. Alikuwa hajalitamka jina hilo tangu masika.

Walipofika penye mteremko, pale njia inapogawanyika, Asta akaiacha ya Tingi. Akakata kulia, akaingia shambani, akaruka tuta la kwanza, la pili, la tatu, mkia umesimama. Kwenye shimo la katikati akasimama. Akaketi. Akabweka mara tatu.

Ndani ya shimo kukainuka mtu taratibu, magugu mkononi. Alikuwa Rosina.

Bruda Othmar akavuta kamba, akawa mwekundu kwa aibu jinsi mtu mweusi anavyoweza kuwa. "Nisamehe, Mama Eunice. Nisamehe sana. Nilisema hajaiva. Amemfuata aliyempata karibu, ndivyo wanavyofanya wakiwa wachanga. Tutarudia."

Lakini Hildegardi alikuwa anamtazama mama mkwe wake, na mama mkwe alikuwa anautazama ule mfuko wa rambo. Jembe lilikuwa limemdondoka.

"Kumbe ulilitunza kwa ajili ya mbwa," Rosina akasema.

"Mama?"

"Mimi nilidhani ni la kwako tu, la kujifariji. Siku ya kugawa nguo niliona moja imepungua. Nguo za mwanangu nisizijue? Nikanyamaza, nikasema ajiwekee. Halafu ukaanza kwenda kwa Bruda, nyumba inabaki na mimi. Nikalitafuta, nikalikuta pipani." Akajipangusa udongo viganjani. "Kila Jumanne na Ijumaa, ukitoka, nalivaa. Nakaa nalo jikoni mpaka jua likisimama. Nikimaliza nalirudisha, nafunga mafundo mawili kama ulivyofunga wewe. Mwanzoni alikuwamo. Ukikunja shingo hapa, alikuwamo kabisa. Siku hizi simsikii tena."

Hildegardi akahesabu bila kutaka: mwezi wa saba, wa nane, wa tisa, wa kumi. Kila asubuhi aliyolala chini ya mabua ili ampate Vitalis, nyumbani Vitalis alikuwa anapungua.

"Mbona hukulia?" akauliza. Hilo ndilo lililotoka, katika yote ambayo angeweza kuuliza. "Mbona ulizifua zote?"

"Ningelia mimi, nani angezifua?" Rosina akasema. "Ulikuwa umekaa pale kama gogo, mwanangu. Ukoo mzima unanitazama. Mmoja wetu ilibidi asimame."

Asta alikuwa bado ameketi. Alimtazama Rosina, akamtazama Bruda, akamtazama Hildegardi, akapiga mkia chini mara moja kwa mashaka. Hakuna aliyemsifu. Masikio yakaanza kushuka. Hildegardi akafungua pindo la kanga alimofunga usipa.

"Usimpe," Bruda akamwahi. "Tafadhali, Mama Eunice. Mbwa akilipwa kwa kosa ameharibika."

"Hajakosea, Bruda."

Akapiga magoti kwenye udongo, akamnyooshea kiganja. "Umefanya vizuri," akasema, na sauti ikapanda yenyewe, ikapasuka katikati, ikaendelea hivyohivyo. "Umefanya vizuri, Asta! Umempata! Umempata, mtoto mzuri wewe, umempata!" Asta akarukaruka, akamlamba machozi na usipa pamoja, mkia unampeleka na kiuno chake. Hildegardi alilia mpaka akakaa chini. Rosina akapanda kutoka shimoni kwa shida ya magoti yake, akaketi ubavuni pake juu ya tuta, akanyoosha mkono na yeye apewe usipa amlipe. Bruda Othmar akageuka upande wa bondeni, akajifanya anakunja kamba.

Kwenye poromoko walikwenda mchana, kwa sababu ahadi ni deni. Asta alinusa mpaka saa kumi. Hakuketi mahali popote.

Jumamosi mgomba ukakatwa. Akina mama walipokuwa wanauandaa ndani, Hildegardi akaleta lile shati la miraba, akasema uvalishwe hili kabla ya sanda. Edina akalipokea, akaona kola ilivyojaa uchafu, akaguna. Alikuwa na nia njema, Edina, sikuzote ana nia njema.

"Jamani, ataingiaje kaburini na hili? Nipeni nilifue mara moja, jua lipo, litakauka sasa hivi."

"Liache," Hildegardi akasema, na Rosina akalisema neno hilohilo kwa wakati mmoja, na wote wawili wakalishika shati, huyu mkono huu, huyu mkono ule, wakauvisha mgomba, wakafunga vifungo vyote ila cha pili, ambacho hakikuwepo.